Mama wa Makadirio

Mimi nina mdomo mchafu na sitaki kuanza kwa kujisafisha. Kazi yangu ni kuandaa hesabu za kodi za watu wasiojua kuziandaa wenyewe, na kazi hiyo ukiifanya kwa upole utakufa maskini, tena na presha juu. Nina chumba kimoja pale Bilele, kimepakana na saluni ya wanawake, kwa hiyo kutwa nzima nasikia umbea upande mmoja na uongo upande wa pili. Umbea ni wa saluni. Uongo ni wa wateja wangu.

Watu hawajui mtu wa kazi kama yangu wamweke wapi. Maafisa wa kodi wakiniona mlangoni wananong'onezana, "Kishoka huyo kaingia," kama vile mimi ni wa njia za panya, wakati cheti changu cha kuruhusiwa kufanya kazi hii nimekitundika ukutani na kila mwaka nakilipia. Wafanyabiashara nao wanadhani maafisa wamenituma niwapeleleze. Mwenye baa mmoja wa Muleba aliniapia kwa jina la Mungu kwamba hauzi bia, zile kreti zote ni za harusi ya mdogo wake. Nikamwuliza ni harusi gani inayofungwa kila Ijumaa. Mama mmoja anayenunua dagaa Bumbire aliniletea risiti za mwaka mzima kwenye mfuko wa salfeti, zimelowa, dagaa wamo humo humo katikati ya karatasi. Nilipomfokea akanijibu, "Sasa dada, dagaa si utakula?" Wa namna hiyo nawafokea, wananuna, wiki inayofuata wanarudi. Tumezoeana.

Ninayetaka kumsema hapa ni mwingine. Ana duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini Bukoba: mabati, saruji, misumari, rangi. Ni mtu wa shingo nene, anacheka kwanza ndipo aseme. Kila mwezi wa tatu mtu huyu alikuwa akimfuata mama yake mzazi kijijini, huko juu ya Nshamba, anampakia kwenye gari na kumleta mjini akohoe mbele ya afisa wa kodi ili makadirio yapunguzwe. Siku nyingine zote za mwaka hakwenda kumwona. Pasaka hakwenda, Krismasi hakwenda. Mama yule alikuwa amebakiwa na mtoto huyo mmoja tu, na kumwona kwake ilikuwa ni siku hiyo ya kodi.

Kwa asiyejua, makadirio yalikuwa hivi. Mfanyabiashara mdogo asiye na vitabu kamili anakwenda kukaa mbele ya afisa mwanzoni mwa mwaka. Afisa anamhoji, anakagua karatasi alizonazo, anakisia mauzo yake ya mwaka yatakuwa kiasi gani, na kodi inatokea hapo. Mtu asiye na karatasi anakisiwa kwa macho, na macho ya afisa siku zote yanaona duka lako ni kubwa kuliko lilivyo. Ndiyo maana watu wananitafuta mimi.

Mwaka wa kwanza alipokuja kwangu nilimfanyia kazi ya kuua mtu. Nilikwenda dukani nikahesabu mali moja moja mpaka vidole vikaota kutu. Nilitenganisha mabati yake na mabati ya watu aliyokuwa akiwatunzia tu, kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukifanya, ndiyo maana miaka yote alikuwa akikadiriwa kwa mali isiyo yake. Nikaomba taarifa za benki, nikaambatanisha mkataba wa pango, nikapanga kila kitu kwenye faili. Nilijua kabisa kodi yake itashuka.

Sasa siku ya kwenda kwa afisa ikakutana na balaa. Usiku wa kuamkia siku hiyo majirani wa kijijini walimpigia mteja wangu simu kwamba mama kifua kimembana, aje. Akaenda alfajiri akamchukua, akampitisha hospitali, akapewa dawa, na kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha akaja naye moja kwa moja pale ofisini. Mama akakaa kwenye benchi karibu na mlango wa afisa. Alikuwa mwembamba, mrefu, kajifunga kitenge vizuri, ana macho ya mtu mwenye haya. Akawa anakohoa. Afisa alikuwa kijana tu. Kila mama akikohoa, kijana anainua macho kutoka kwenye faili langu, anamtazama, anarudi kusoma.

Kodi ikashuka, tena sana. Tulipotoka kwenye korido nikasimama kama mtu anayengoja kupongezwa. Jamani, yule bwana akanipita! Akaenda kumkumbatia mama yake, akasema kwa sauti ya korido nzima, "Bi mkubwa, umeniokoa!"

Nikamwambia, "Kaka, zilizokuokoa ni karatasi."

Akacheka kwanza. "Dada, karatasi hata mwaka jana nilikwenda nazo. Mama ndiye ambaye sikuwa naye."

Nikamweleza. Nilimweleza pale kwenye korido, nikamweleza tena ngazini, nikamweleza hadi kwenye gari. Sheria ya kodi haiulizi mama yako anakohoa au anacheza ngoma. Hakuna mahali afisa anaandika idadi ya wagonjwa wa mtu. Yeye anaitikia tu, "Sawa dada, sawa," na huku anamfungulia mama mlango wa mbele wa gari. Sikio la kufa halisikii dawa. Niliumia, nasema kweli. Kazi yangu yote ile, sifa zikapewa kikohozi.

Mwaka uliofuata akanipigia simu, "Kesho naja na mama." Nikajua keshamfanya hirizi.

Walifika asubuhi chumbani kwangu kabla ya kwenda kwa afisa. Mama alikuwa amevaa sweta jipya la bluu, zawadi ya wanawake wenzake wa parokia, na alionekana amelivaa kwa ajili ya safari hii. Mwanawe akamwambia alivue. Akamtolea kwenye mfuko kitenge kilichochakaa, kimetoboka kwenye goti, akamwambia ajifunge hicho. Mama akavua sweta mbele yangu, akalikunja polepole. Mikono yake ilikuwa imejaa vipele vya baridi.

"Amekunywa chai?" nikauliza, maana mvua ilikuwa inanyesha na mama alikuwa anatetemeka.

"Atakunywa tukitoka," mwanawe akanijibu. "Akishiba anapata nguvu, anaanza kuchangamka."

Halafu akaingiza mkono kwenye pochi ya mama yake, akatoa chupa ya dawa ya kifua, akaitia mfukoni mwake. "Na hii pia tukitoka."

Hapo nikalipuka. Nilimwita majina ambayo padre akiyasikia atanipa kitubio cha mwezi mzima. Mashine za saluni zikazimwa ili wasikie vizuri. Yeye anacheka tu. Aliyeninyamazisha ni mama mwenyewe. Alinishika mkono, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mwache, mwanangu. Mambo ya kodi ni magumu. Mwanaume peke yake hayawezi."

Mwanawe alipotoka kwenda kuligeuza gari tukabaki wawili. Nikamwambia, "Mama, huyu anakutesa."

"Hapana, waitu," akasema, neno letu la Kihaya la heshima. "Jana alinipigia simu kuniuliza nimelalaje. Akaniuliza na kifua, kama bado kinauma."

"Alitaka kujua kama bado unakohoa, mama."

"Ndiyo," akasema, uso umemkunjuka kwa furaha. "Aliuliza."

Akaendelea kunihadithia. Kwamba anakaa mbele kwenye gari. Kwamba wakipita Muleba mwanawe anapunguza sauti ya redio ili waongee. Kwamba kijijini hawamwamini, wanadhani mtoto alishamtupa, lakini mwezi wa tatu wote wanaliona gari linapanda mpaka kwenye kibanja chake cha migomba na kusimama mlangoni. "Wanajua ananihitaji," akasema. Mchelea mwana kulia hulia yeye, wanasema. Lakini mama huyu hakuwa analia. Alikuwa anafurahi, na ndicho kilichonitia uchungu zaidi.

Kwa afisa akakohoa. Safari hii alikuwa afisa mwingine, mama mtu mzima aliyevaa miwani. Akasoma faili langu mpaka mwisho, akakadiria kama ilivyostahili, kisha akamwuliza mteja wangu, "Na huyu bibi mgonjwa amefuata nini hapa? Si mumpeleke hospitali?" Mteja wangu akaona hiyo ndiyo huruma yenyewe. Mimi afisa akanibakiza nyuma. Akavua miwani.

"Wewe kishoka, siku hizi mnakodisha na wazee?"

Nikaapa. Hakuniamini. Habari ikazunguka mjini kwamba dada wa Bilele ana bibi wa kukodisha, anakohoa vizuri, kodi inashuka. Unadhani watu waliona aibu? Walikuja kumwulizia! Mtu mzima, mwenye duka la vitambaa, mzee wa kanisa, alikaa kwenye kiti changu akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, mimi mama yangu alishafariki. Huna wa kuniazima?" Nikamfukuza na mwamvuli wake. Mwingine alimleta mama mkwe wake kutoka kijijini, yule bibi ana afya kama ng'ombe wa maziwa, akafika mbele ya afisa akaanza kusimulia jinsi duka la mkwewe linavyojaa watu. Hiyo nilicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini kicheko hicho hakikukaa, maana nilijua mwezi wa tatu utarudi.

Ukarudi. Safari hii mama alishuka kwenye gari kwa kushikiliwa, miguu imevimba imejaa kwenye kandambili. Mkononi alikuwa na kadi ya kliniki ya kifua. Nikaisoma. Tarehe yake ilikuwa siku ile ile, asubuhi ile ile.

Nikamwambia mwanawe, "Kaka, leo ni kliniki. Mpeleke mama kliniki, mimi nitakwenda kwa afisa peke yangu. Faili liko tayari."

"Kliniki ipo hata wiki ijayo," akasema. "Kodi ni leo."

"Haya, basi nikwambie mbele ya watu hawa wa saluni. Wewe una roho ya korosho. Mama huyu hakupunguzii kitu. Hajawahi kukupunguzia kitu. Unamwua bure."

Akacheka, akanipigapiga begani kama mtu anayembembeleza mtoto. "Dada, wewe kazi yako kuandika. Kuongea na watu niachie mimi." Kisha akamgeukia mama yake. "Bi mkubwa, leo jitahidi. Mwaka huu biashara imekuwa nzuri, wataniminya."

Kwa afisa akajitahidi, Mungu wangu, akajitahidi! Sijui alikuwa anajilazimisha au kifua chenyewe kilikuwa kimefika huko, nadhani hata yeye alikuwa hajui tena tofauti. Alikohoa mpaka akainama, akainama mpaka akateleza kutoka kwenye benchi akaanguka sakafuni. Watu wakatoka vyumbani. Mmoja akaleta maji, mwingine akamfunua uso apate hewa. Nilipomwinua niliona ameukunja upindo wa kitenge na kuuficha kiganjani, na kwenye upindo kulikuwa na damu. Akaniangalia kwa macho ya kuniomba nisiseme. Afisa naye, kwa kuogopa bibi asije akamfia mlangoni, akapitia faili haraka, akagonga muhuri, akatuondoa.

Kwenye ngazi mteja wangu alikuwa anashuka kwa furaha, funguo zinalia mkononi. "Umeona, dada? Hata kukaa hatujakaa!" Na mama, huku anashikilia ukuta, anapumua kwa shida, akamwuliza, "Leo nimefanya vizuri?"

"Umefanya vizuri sana, bi mkubwa. Leo umewaweza."

Mama akacheka. Nilitamani nimsukume yule mtu ngazini, nakwambia ukweli wangu. Nililia njia nzima kurudi Bilele, kilio cha hasira, watu wa bodaboda wakadhani nimefiwa.

Kilichomwondoa mama kwenye benchi lile si maneno yangu, ni biashara yenyewe. Duka likakua. Mauzo yakavuka kiwango cha kukadiriwa kwa kuhojiwa, akalazimika kutumia mashine ya risiti na kuwasilisha ritani zake kwenye mfumo, kwa kompyuta. Nilimwita chumbani kwangu nimweleze, na sitaficha, nilikuwa na furaha ya kumkomoa mtu.

"Kwa hiyo hakuna kwenda kuonana na afisa?" akauliza.

"Hakuna. Naingiza mimi hapa hapa, tunapata kontroo namba ya malipo, unalipa."

"Na mama hawamwangalii?"

"Mfumo hauna macho, kaka. Mama mwache apumzike."

Miaka yote nilimweleza hakuamini, siku hiyo akaamini papo hapo. Hakuuliza mara mbili. Alijinyoosha kwenye kiti akasema, "Afadhali. Mafuta yenyewe ya kupanda kule Nshamba, na ile barabara inavyoua shokapu." Akaondoka anapiga mluzi. Na mimi mchana ule nikaagiza ebitoke, ndizi zetu za kupika, na samaki, nikala peke yangu kwa raha zote. Niliona nimemwokoa yule mama. Niliona nimeshinda.

Mwezi wa tatu uliofuata ulinikuta kwenye hali yake ya kila mwaka. Mwisho wa mwezi kila mtu anakumbuka kwamba ana kodi. Mfumo umeganda, duara linazunguka tu kwenye skrini, umeme unakwenda na kurudi, wateja wamejaa mpaka kwenye viti vya saluni, na kila mmoja anadai yeye ndiye alifika kwanza. Mvua nje inanyesha ile ya Bukoba, isiyo na haraka. Nikasikia mlangoni mtu anapiga hodi kwa upole. Wateja wangu hawapigi hodi.

Alikuwa yeye. Peke yake.

Alikuwa amevaa kile kitenge kilichotoboka goti, kimelowa chote. Nywele zimemshika kichwani. Alikuwa amebaki ngozi na mifupa, kola ya gauni imemwacha shingo kama nguo ya mtu mwingine. Nikainuka, nikamwamkia, nikamkalisha kwenye kiti changu mimi mwenyewe, nikawafukuza wateja wote isipokuwa wawili waliogoma kutoka nje kwenye mvua. Alikuwa ameshuka kwa miguu kutoka kijijini mpaka Nshamba, akapanda gari mpaka Muleba, akapanda jingine mpaka mjini. Kisha akauliza uliza mpaka akanipata, maana dukani kwa mwanawe hakuwahi kupelekwa.

"Nimeona nije mwenyewe," akasema, anapumua kati ya neno na neno. "Nilimngoja wiki nzima. Nikasema labda gari limeharibika. Nisimpe taabu ya kunifuata."

"Mama, umekula?"

"Bado. Na dawa sijanywa." Alisema kama mwanafunzi anayeonyesha daftari safi. "Tunaingia saa ngapi?"

Nilijaribu kumweleza. Nikamwonyesha kompyuta, nikamwambia mambo siku hizi yanapita humu, maafisa hawaonani na watu. Aliitazama skrini kwa muda, lile duara linazunguka.

"Hawataki kuniona tena?"

"Si wewe, mama. Hawataki kumwona mtu yeyote."

"Waambie bado nakohoa," akasema. "Waambie hata imezidi."

Wale wateja wawili wakainamisha vichwa. Mama akaegemea meza yangu, akaanza kunibembeleza, mama mzima kunibembeleza mimi. Kwamba nimpigie mwanawe nimwambie ofisi inamtaka mama. Neno hilo tu. Akisikia ofisi inamtaka atakuja. Alisema, "Sitaki kitu kwake. Nataka anipeleke mpaka pale, nikae, nikohoe, anirudishe. Mwaka huu nahisi ndio wa mwisho, mwanangu. Nimwone."

Miaka yangu yote ya kazi nimewafokea wateja, nimewatukana, nimewafukuza, lakini sijawahi kumdanganya hata mmoja kuhusu kodi yake. Siku hiyo nikachukua simu.

"Weka sauti nimsikie," mama akasema.

Nikaweka sauti kubwa. Simu ikaita. Alipopokea na kusema "Haloo, dada," mama alinyoosha mgongo kwenye kiti, akajipangusa uso kwa kiganja, kana kwamba mwanawe anamwona.

"Kaka, ofisi ya kodi wanamtaka mama."

"Mama gani?"

"Mama yako."

"Si ulisema ni mfumo?"

"Wamebadilisha. Wanataka wamwone."

Nikasikia misumari inamwagwa kwenye mizani, nikamsikia anamtajia mtu bei ya bati. Halafu akacheka.

"Dada, mimi leo nashusha saruji hapa, hiyo Nshamba sifiki. Hebu fanya hivi. Waandikie amekufa."

"Unasemaje?"

"Waandikie bi mkubwa amefariki. Tena weka na gharama zote, jeneza, turubai, ng'ombe wa matanga. Si itapunguza zaidi kuliko akiwa hai? Wewe si ndiye mtaalamu, bwana!" Akacheka tena, akamwita mtu awahi kufunika saruji isilowe, na simu ikakatika.

Sikuweza kumtazama mama. Niliitazama simu mpaka taa yake ikazima. Mmoja wa wale wateja alinyanyuka akatoka nje kwenye mvua bila kuaga. Mashine ya saluni ilikuwa inavuma ukutani.

"Ana kazi nyingi," mama akasema.

Nikaigeuza simu kifudifudi mezani.

"Andika, mwanangu." Alikuwa ameweka mkono wake juu ya kibodi yangu, anaisogeza kwangu taratibu. "Kama itamsaidia, andika tu kwamba nimekufa."

Hasira ilinipanda mpaka nikaona giza. Hasira kwa yule mtu, lakini hakuwepo pale. Aliyekuwepo ni mama, na huo upole wake, na hicho kitenge chake cha kuigizia umaskini, na njaa aliyojinyima kwa hiari. Nikapiga meza.

"Haitamsaidia! Mama aliyekufa hapunguzi kodi!"

Alishtuka. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu, "Na aliye hai?"

"Wala aliye hai! Hujawahi kumpunguzia hata senti moja, mama. Ni karatasi zangu. Tangu siku ya kwanza ni karatasi zangu!"

Maneno yalikuwa yametoka. Niliyasikia yakiwa tayari yamo chumbani. Mama aliondoa mkono kwenye kibodi akauweka mapajani, akaufunika kwa mkono mwingine.

"Hata ile siku niliyoanguka?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshadanganya mara moja, ya pili isingeniua. Lakini alikuwa ananitazama usoni, na mdomo wangu mimi haujazoea.

"Hata ile, mama."

Kikohozi kikamjia, akakibana kwa nguvu, mabega yanamtikisika, akakizuia kabisa kisitoke. Sikuwahi kumwona akikizuia. Kilipopita aliniinamia, akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vilivyokuwa na baridi ya mvua, akanong'ona ili yule mteja aliyebaki asisikie.

"Usimwambie," akasema. "Nakuomba, waitu, usimwambie. Akijua sikumsaidia kitu, hata kunizika hatakuja."

Nikamwahidi kwamba sitamwambia.